Kaa, Usinihesabu: Uhakiki wa Sebule ya Kariakoo

Wahakiki wetu wamezoea kuutafuta ushairi wa Kiswahili vitabuni, magazetini na katika vinywa vya waimbaji. Kuna pahala pamoja hatutazami, na pengine ni kwa kuwa pahala hapo hatufiki ila tukiwa wageni, na mgeni mwenye adabu hakodolei macho kuta za watu. Mimi nimekodoa. Kwa hiyo naomba radhi kwanza, kisha naomba nafasi katika kurasa hizi niihakiki mishororo miwili, kila mmoja wa mizani nane, ambayo haikupata kuchapishwa popote, na ambayo mtungaji wake, lau angekuwa hai, angecheka kusikia inaitwa mishororo.

Ilidariziwa kwa uzi mwekundu juu ya bafta nyeupe. Wa kwanza ulitundikwa ukutani, juu kidogo ya kimeza kilichowekwa chetezo: *Kaa, usinihesabu*. Wa pili ulikwenda katika upindo wa pazia la mlango: *Mlango hauna deni*. Aliyeidarizi ni shangazi yangu, aliyevuka kutoka kisiwani akiwa mwari na kuolewa Kariakoo, Dar es Salaam, akaishi huko katika nyumba isiyo mbali na Mtaa wa Sikukuu hadi nyumba hiyo ilipouzwa ikavunjwa na kupandishwa ghorofa. Mimi nilikuwa nikifikia kwake kila nilipovuka. Nimeisoma mishororo ile kwa miaka zaidi ya ishirini kabla sijaisoma.

Ili msomaji aielewe, sharti aijue nyumba. Kariakoo, kama jina lake linavyoshuhudia, ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Ramani ya mitaa yake ilikuwa imekwisha kupigwa mistari tangu zama za Wajerumani, iliyonyooka kama daftari la hesabu. Juu ya mistari hiyo ya kigeni watu wakajenga nyumba waliyoijua wao: ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, baraza mbele, uani nyuma, na huko huko uani jiko na choo. Miti, udongo na makuti kwanza, mabati baadaye. Sisi wa Ng'ambo ya Unguja tukiingia katika nyumba hiyo hatuhitaji kuelekezwa.

Nyumba hiyo haina sebule. Nalisema jambo hili kwa mkazo kwa sababu uhakiki wangu wote umesimama juu yake. Vyumba vyake sita vilipangishwa kimoja kimoja, na mara nyingi kila kimoja kilikuwa na jamaa nzima. Ukumbi ni wa wote, uani ni kwa wote, baraza ni ya wanaume na wapita njia. Mgeni anayekuja kwako, khasa mgeni mwanamke, utamweka wapi? Ndipo likaja pazia. Chumba kikagawanywa kwa kitambaa kilichopitishwa juu ya waya kutoka ukuta hadi ukuta: nyuma yake kitanda, masanduku na ndoo ya maji, mbele yake viti viwili au kochi moja, kimeza, na ulimwengu mzima wa mapambo. Sebule ya Kariakoo haikujengwa na fundi mwashi. Ilitungwa. Ilikuwa fani kabla ya kuwa chumba, na kila asubuhi iliweza kufutwa na kila alasiri ikaandikwa upya.

Kazi yangu ya kutafsiri imenifunza kuyashuku maneno yanayokubali kuvuka lugha kwa wepesi, na kuyaheshimu yanayogoma. Neno "kupanga" linagoma. Kwa Kiswahili, mwanamke huyu amepanga chumba, maana analipa kodi kila mwezi. Na amepanga chumba, maana ameviweka viti, vyombo na vitambaa katika nidhamu yake. Mpangaji ni huyo asiyemiliki, na mpangaji ni huyo mwenye kuamua nini kikae wapi. Nimewahi kulijaribu neno hili katika Kiingereza mara nyingi nisifaulu, na kila niliposhindwa nilimkumbuka shangazi, mpangaji kwa maana zote mbili, akiwa amesimama katikati ya chumba cha watu akitazama kama kitambaa kimekaa sawa.

Tuingie basi. Kochi limefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, vyeupe au vya rangi ya machungwa, kimoja kwa kila mgongo na kimoja kwa kila mkono. Redio ina kitambaa chake. Baadaye televisheni ikaja nayo ikavishwa. Kabati la vioo lina vikombe ambavyo havinyewewi, sahani zisizoliwa, na birika la chai lililonunuliwa kwa zamu ya mchezo, yaani ule mzunguko wa fedha ambao kila mwanamke hutoa kidogo na mmoja hupokea zote. Ukutani kalenda ya miaka iliyopita imebakishwa kwa ajili ya picha yake, kando ya Ayatul Kursi yenye fremu ya dhahabu bandia. Mlangoni huning'inia mirija ya plastiki iliyokatwa vipande na kutungwa kwenye nyuzi pamoja na shanga, ikilia kidogo kila apitapo mtu. Na maua ya plastiki, ambayo kila Alhamisi hutumbukizwa katika ndoo ya maji ya sabuni, yakatikiswa, yakaanikwa uani juu ya kamba ya nguo kama soksi.

Najua watu waliosoma huyacheka mambo haya. Nimekaa na wataalamu wa sanaa walioweza kukaa saa nzima mbele ya mchoro wa Tingatinga wakasifu ujasiri wa rangi zake, ambao wakiona rangi zile zile katika maua ya sebule ya mama zao hugeuza uso. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa rangi ya nyumba na ya baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari; hakuna aliyesema rangi ya baiskeli ni ya bandia. Ninalodai ni usawa wa jicho. Siyo kwamba kila kitambaa ni sanaa. Vingi havina jambo: "Karibu mgeni" na tausi wawili, "Pendo" na moyo uliochomwa mshale, vielelezo vilivyonakiliwa kutoka kitambaa cha jirani ambaye naye alinakili. Hizo ni kazi za mkono na zinastahili heshima ya kazi za mkono, lakini mhakiki akizipita bila kusimama hatakuwa amedhulumu mtu.

Mishororo ya shangazi siipiti.

Ushairi wetu mkongwe una tungo mbili ambazo kwangu mimi ndizo nguzo za fasihi ya nyumba. Moja ni utendi aliomtungia Mwana Kupona binti yake Mwana Hashima mwaka 1858. Wengi huusoma kama mawaidha ya utii kwa mume, na wengi wa zama hizi huulaumu kwa hilo. Lakini ukiupitia kwa jicho la mpangaji utaona pia kuwa ni utungo wa mwanamke anayejua nyumba kipembe kwa kipembe, afagiaye hadi chooni, ajuaye udi unafukizwa wakati gani na kwa nini. Nyingine ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambamo nyumba za matajiri zimekwisha kufa: kumbi hazina watu, na vile vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya Kichina vimekuwa viota vya ndege. Utendi wa mwanamke unaipamba nyumba. Utungo wa mwanamume unaizika. Nathubutu kusema kwamba ushairi wetu umejifunza mno kwa huyu wa pili. Tukiona kitu kizuri ndani ya nyumba tunakimbilia kukilia. Nami nitajitahidi nisikimbilie huko, ingawa nyumba ninayoizungumza kweli imevunjwa.

*Kaa, usinihesabu*. Msikilize mwanamke huyu anavyoanza. Hakusema "karibu", neno ambalo kila mtu hulisema hata kwa mtu asiyemtaka. Ametoa amri: kaa. Na neno hilo limewekwa juu ya chetezo, na ndani ya chetezo mna makaa. Nilimuuliza siku moja kama alilikusudia hilo, kwamba kaa la moto lisomwe pamoja na kaa la kitako. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazamwa na mwalimu aliyesahau jina lake, akasema ukuta ule ndio uliokuwa na msumari. Sikushawishika. Mtungaji hana lazima ya kukiri, na msumari nao aliupiga mtu.

Nguvu ya mshororo imo katika kile kiambishi kidogo, -ni-. Ilikuwa rahisi kuandika "usivihesabu", maana viti vyake vilikuwa viwili na kochi lilikuwa na mguu uliokaliwa na tofali. Mgeni anapoingia jicho lake huanza kazi kabla ya kitako: viti vingapi, vikombe vingapi, pazia linaficha nini. Lakini shangazi hakusema usivihesabu vyangu. Alisema usinihesabu mimi. Amekataa kutenganishwa na viti vyake na papo hapo amekataa kuwa sawa navyo. Na ndani yake mna kitu kingine, ambacho Waswahili hatuna haja ya kufafanuliwa: wazee wetu walichukia watoto wao wahesabiwe, kwa kuogopa kijicho, na shangazi alikuwa amezika watoto wawili. Mgeni asiyejua husoma mzaha. Anayejua hukaa kimya, huku moshi wa udi ukipanda juu ya herufi. Miaka ilivyopita uzi mwekundu ulianza kuwa wa kahawia upande wa chini, na neno "kaa" ndilo lililofifia mwanzo.

*Mlango hauna deni*, kwa upande wake, ni mshororo mwepesi zaidi, na nitasema wazi kwamba peke yake usingenisimamisha. Una tabia ya methali inayojijua kuwa ni methali. Kilichouokoa ni pahala. Ulikuwa katika upindo wa pazia la mlango, chini kabisa, na kwa ndani, si kwa nje. Aingiaye hauoni. Huuona akiwa amekwisha kukaa, au anapoinama kuvaa viatu vyake aondoke. Basi maneno yanamwambia mtu aliyekwisha kula kwamba hadaiwi chochote, naye huyasoma wakati hasa ambapo moyo wake unaanza kuhesabu atalipa nini. Kwa sheria alizoziandika Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, mishororo hii haikutani kwa vina na kwa hiyo si ubeti. Nakubali. Mmoja ulikuwa ukutani na mwingine mlangoni, na kati yao alikaa mgeni.

Kuna watakaoniambia kwamba haya yote yamo tayari katika kanga, na kwamba jina la kanga limehakikiwa vya kutosha. Ni kweli kanga ni jamaa yake wa karibu. Tangu Kaderdina Hajee Essak alipofungua biashara yake Mombasa mwaka 1887, na tangu kiwanda cha Urafiki kilipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968, doti nyingi zimetoka zikiwa na maneno, na baadhi ya maneno hayo ni ya mizani nane, kwa kuwa sikio letu limezoea hivyo. Lakini kanga hununuliwa. Mwanamke huenda Mtaa wa Uhuru akapekua hadi akayapata maneno yanayomfaa, kisha akayavaa ili jirani ayasome akiwa amempa kisogo. Kitambaa cha ukutani hakimpi mtu kisogo. Kinamtazama mgeni usoni, na mwenyewe yupo pale anammiminia chai, hawezi kujifanya kwamba ni kiwanda kilichosema.

Sebule ya pazia ilikuwa na uwezo mwingine, wa kutanuka. Siku ya shughuli ilivuka ukumbi ikafika uani, na ikiwa shughuli ni kubwa ikatoka barazani ikaufunga mtaa. Turubai lilifungwa kutoka nguzo ya umeme hadi nondo za dirisha la jirani. Makuti mabichi ya mnazi yakapindwa upinde juu ya mlango. Majamvi yakatandikwa, na baadaye viti vya plastiki vikakodiwa. Sufuria zilikopwa mitaa mitatu. Ndani wanawake walichora hina na piko, walitunga vikuba vya asumini, walijaza mrashi kwa ajili ya kuwanyunyizia waingiao. Jioni kulikuwa na lelemama, au msondo kwa wenyeji wa Kizaramo, na mdundiko uliopita barabarani ukachukua watu kama mto unavyochukua majani. Waliokuwa na uwezo waliwaalika wapigaji wa taarabu: Egyptian na Al-Watan, vyama viwili vilivyoshindana mjini humo tangu kabla ya Uhuru, vilikuwa na mashabiki waliojuana kwa sare.

Katika viwanja hivyo watu hawakupumbazwa tu. Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wa waimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba kabla hajawa kiongozi wa wanawake wa TANU, na mwaka 1955 alipotakiwa kuwaingiza wanawake chamani aliwafuata viongozi wenziwe wa vikundi vya ngoma. Na inasimuliwa kwamba jambo lenyewe lilianzishwa na mgeni: John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, alipofika Dar es Salaam, aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa, na aghlabu hueleweka kuwa siku ya mgeni ndiyo siku ya kuchinjwa kuku. Hapa mwenyeji aliponeshwa kwa swali. Waliokwisha kuzoea kupokea watu mia mbili uani bila ya kadi wala kipaza sauti hawakushindwa kupokea taifa.

Kutoka hapo hadi kumbi za leo ni mwendo wa miaka mingi. Tangu miaka ya 1990 shughuli zikaanza kuhama majumbani. Ikaja kicheni pati, ikaja sendofu, ikaja kamati ya harusi yenye mwenyekiti na mweka hazina, na baada ya harusi ikaja sherehe nyingine ya kuivunja kamati. Si kwamba ubunifu ulikufa. Atakayesema hivyo hajaona ndafu ikiingia ukumbini: mbuzi mzima aliyebanikwa, amesimamishwa kwa miguu yake minne, majani mabichi mdomoni kana kwamba anaendelea kula, akisukumwa juu ya meza ya magurudumu kwa muziki na vigelegele. Kitu hicho kimetoka kwa Wachaga kikaenea mjini, na nakisifu bila ya kinyongo. Ni mzaha mkubwa juu ya mauti uliotengenezwa na watu wenye njaa na furaha.

Ninacholaumu ni mambo mawili. La kwanza ni pambo la kukodi ambalo limefikia kiwango cha kutokuwa na mwenyewe. Vitambaa vile vile vyeupe vinavyoning'inizwa darini, tai zile zile za dhahabu nyuma ya viti, taa zile zile za zambarau zinazomfanya bibi harusi aonekane mgonjwa. Ukiondoa majina mawili yaliyokatwa kwa sponji na kubandikwa nyuma ya meza kuu, ukumbi haujui ni nani anayeolewa. Nimehudhuria sherehe ambayo majina ya wiki iliyopita yalikuwa yamesahauliwa kubanduliwa, na watu waliingia, wakakaa, na ilipita robo saa kabla ya mtu kugundua. Katika sebule ya pazia kosa hilo haliwezekani.

La pili ni nathari yake. Hapa nazungumza kama mtu wa maneno. Kadi ya mwaliko wa Dar es Salaam hutanguliwa na kadi ya mchango, na baada ya mchango kutimia ndipo huja kadi iliyoandikwa kama ni ya mtu mmoja au ya wawili. Familia ya fulani "inayo furaha kubwa" kukualika. Furaha hiyo ni moja katika kadi zote, haizidi wala haipungui. Mshereheshaji naye ana misemo yake, anaichukua kutoka ukumbi hadi ukumbi pamoja na spika zake. Mwenye kusoma kadi ya mchango na mshororo wa lile pazia kwa pamoja hawezi kukosa kuona kilichogeuka. Mlango sasa una deni, na limeandikwa kwa tarakimu. Sisemi michango ni uovu. Bila ya michango wengi wasingeoza watoto wao, na hata uani kulikuwa na kutunzana. Nasema lugha imehamia kwa mweka hazina, na mshairi akialikwa huambiwa ana dakika tatu.

Niliwahi kuyasema haya mbele ya shangazi, katika miaka yake ya mwisho, kwa ufasaha mkubwa kuliko huu. Alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba. Aliningoja nimalize.

"Mwanangu," akasema, "wewe ulikuwa unakula. Mimi nilikuwa nakuna nazi. Harusi ya marehemu dada yako nilikuna nazi usiku kucha, kulipokucha sikuweza kukunja vidole, na hiyo singo unayoitaja mimi sikuiona hata mara moja. Nilikuwa jikoni."

Kisha akaniuliza kama huko ukumbini wanatoa wali wa nazi au mweupe.

Sijapata jawabu la maneno hayo, na nimeona ni wajibu wangu kuyaweka hapa, kwa kuwa yanatoboa uhakiki wangu mahali panapostahili kutobolewa. Ukarimu wa uani, ambao wanaume wa rika langu tunauandikia mashairi ya majonzi, ulikuwa mzigo juu ya migongo iliyohesabika. Ukumbi wa kukodi umewatoa wanawake jikoni ukawaweka vitini, na kwa mara ya kwanza katika koo nyingi mama wa bibi harusi ameiona harusi. Anayetaka kuurudisha uani na aanze kwa kuikamata mbuzi mwenyewe. Narudi basi nyuma hatua moja: sidai nyumba irudi. Wala hairudi. Soko lenyewe lililochorwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, lenye nguzo zilizotanuka juu kama miavuli, liliungua Julai 2021; na Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo hiyo hiyo likaua watu zaidi ya 20, wengi wao wakiwa madukani katika shughuli zao. Yuko anayeishi katika mitaa ile leo na ana mambo mazito zaidi ya kuogopa kuliko kupotea kwa mapazia.

Ninachodai kimebaki kidogo, lakini sikiachii. Nadai kwamba maneno yale yalikuwa fasihi, na kwamba tuliyaacha yapotee kwa sababu tuliyaita usafi wa nyumba. Washairi wa kizazi kilichotutangulia waliunda chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania wakakipa kifupi cha UKUTA, na Mathias Mnyampala akaandika ngonjera zake kwa jina hilo. Lilikuwa jina zuri, la kinga na uimara. Lakini sijui shairi hata moja miongoni mwa tuliyorithi kutoka kwao ambalo mtungaji wake alikwenda kutazama kuta zenyewe zimeandikwa nini, na nani kaziandika. Wala wa visiwani tusijione bora. Tumeandika juu ya milango ya Mji Mkongwe hadi wino umekauka, kwa kuwa milango ilichongwa na mafundi wanaume na ikanunuliwa na matajiri. Vitambaa vya Ng'ambo tumevifanya matambara.

Binamu yangu, binti wa shangazi, anaishi Mbagala, na kazi yake, msomaji atanisamehe kuchelewa kulisema, ni kupamba kumbi. Zile tai za dhahabu anazo maboksi manne. Alipopata habari kwamba naandika makala haya alinichukua Kariakoo siku nzima, kununua satini na maua, ili nione. Nilichoona ni mwanamke anayeshika kitambaa kwa vidole viwili akajua kitaangukaje kutoka dari ya mita tano. Aliyekataa nyekundu tatu kabla ya kukubali ya nne. Nilimuuliza kwa nini basi kumbi zote zinafanana. "Kaka," akasema, "mteja anakuja na picha kwenye simu. Ananiambia nataka hivi. Nikimwambia nina wazo langu, anaondoka na simu yake." Pale pale dukani akanionyesha picha hizo, na kweli zilikuwa ni ukumbi mmoja.

Kitambaa cha mama yake anacho. Hakukitundika, kimekunjwa katika mfuko wa nailoni kabatini, na cha pazia kilipotea siku ya kuhama. Lakini juu ya meza yake ya cherehani nilikuta bafta mpya, imetandazwa, na maandishi ya penseli yakisubiri uzi. Ilikuwa ya kwake mwenyewe, akasema, ya kutundika chumbani kwake kwa ajili ya wageni wa Idi. *Karibu, viti vya kukodi*. Nilicheka hadi nikakaa. Kisha tabia yangu ikanishinda, nikahesabu kwa vidole, nikamwambia mshororo una mizani tisa, afadhali aupunguze mmoja. Akachukua futi yake ya kushonea akaupima kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akasema kitambaa kinatosha.